Maswali Yenu Kuhusu Miwani ya Kuendeshea Pikipiki

Tangu tulipoandika katika safu hii kuhusu vumbi na magonjwa ya macho, barua nyingi tunazopokea zinatoka kwa waendesha pikipiki: madereva wa bodaboda, walimu, maafisa ugani na vijana wanaosambaza mizigo. Karibu wote wanauliza miwani ipi inunuliwe na ipi iachwe. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayowasumbua wengi, na tunazijibu kwa kirefu pale ambapo kosa la kuchagua linaweza kumgharimu mtu jicho.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Dodoma. Kijiweni kwetu hupita wachuuzi wa miwani, na kila mmoja husema miwani yake inazuia mionzi. Wenzangu huchagua ile iliyo nyeusi kuliko zote wakiamini kwamba weusi ndio kinga. Je, ni kweli? Nami nitaitambuaje miwani inayofaa?

Jibu: Weusi wa lenzi na kinga dhidi ya mionzi ni mambo mawili tofauti, na naomba hili lieleweke kabla ya mengine yote, kwa sababu watu wengi wameumiza macho kwa miwani waliyoinunua kwa nia njema. Weusi hupunguza mwanga tunaouona. Mionzi ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye vibandiko, hatuioni kabisa. Nayo huzuiwa na malighafi ya lenzi yenyewe au kemikali zilizochanganywa ndani yake, ambazo zinaweza kuwamo katika lenzi nyeupe kabisa na zikakosekana katika lenzi nyeusi tii. Tena lenzi nyeusi isiyo na kinga hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa jicho likiwekwa kwenye giza mboni hupanuka na mtu huacha kufinya kope, hivyo mlango wa mionzi unakuwa mpana kuliko ambavyo ungekuwa angeendesha bila miwani.

Maandishi ya kutafuta ni UV400. Maana yake ni kwamba lenzi inazuia mionzi yenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 400, yaani urujuanimno wote wa jua unaofika ardhini. Pamoja nayo, tafuta namba ya daraja la giza, ambayo mara nyingi huandikwa upande wa ndani wa mkono wa fremu. Kiwango cha kimataifa cha miwani ya jua kinagawa lenzi katika madaraja matano, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43 ya mwanga, daraja la 3 kati ya asilimia 8 na 18, na daraja la 4 asilimia 3 hadi 8 tu. Hilo la mwisho limekusudiwa mwanga mkali mno kama ule wa milima yenye theluji, na halifai kwa mtu anayeendesha chombo chochote barabarani. Kwa jua la mchana la Dodoma, daraja la 3 linatosha kabisa; na kama siku yako ina kuingia na kutoka kwenye vivuli vya miti na majengo, daraja la 2 litakufaa zaidi. Wenzako wanaotafuta weusi wa kupindukia wanajinyima uwezo wa kuona shimo lililo kivulini, na hapo ndipo hatari ya barabara zetu ilipo.

Kuhusu rangi, kijivu huacha rangi za vitu zionekane kama zilivyo, na kahawia husaidia kutofautisha tuta, shimo na lami. Lenzi za buluu na za rangi ya waridi zinapendeza, lakini zinaweza kubadilisha jinsi taa za barabarani na taa nyekundu za breki zinavyoonekana, kwa hiyo usizichague kwa kazi hii.

Umeuliza utaitambuaje. Kibandiko peke yake si ushahidi, kwa maana yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kukitengeneza. Njia ya uhakika ni kuipeleka miwani kwenye duka la miwani lenye kipimo cha mionzi. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Ikiwa huna duka la namna hiyo karibu, tumia kurunzi ndogo ya kukagulia noti bandia: mulika alama ya noti inayong'aa, kisha weka lenzi katikati ya kurunzi na noti. Alama ikiendelea kung'aa kana kwamba hakuna kitu kilichowekwa, iache miwani hiyo. Baadhi ya kurunzi hizo hutoa mionzi iliyo mpakani kabisa mwa nanomita 400, na hata lenzi nzuri inaweza kuruhusu mng'ao hafifu, kwa hiyo kipimo hiki hukusaidia kukataa miwani mibovu kabisa na hakiwezi kukuthibitishia kwamba miwani ni bora. Usiitazame taa hiyo kwa macho.

Halafu fanya jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Nyoosha mkono ukiwa umeshika miwani, tazama kupitia lenzi mstari ulionyooka kama ukingo wa mlango, na uisogeze miwani polepole juu na chini. Mstari ukipinda au kucheza katikati ya lenzi, hiyo itakuumiza kichwa kwa siku nzima na itakufanya ukosee umbali.

Swali: Mimi ni afisa ugani wilayani Kahama na kila siku napita barabara za changarawe kwenda kwa wakulima. Malori hurusha vijiwe. Mwenzangu alipigwa na kijiwe, lenzi ya kioo ya miwani yake ikapasuka na vipande vikamchana kope. Je, nitumie ya plastiki, na je, plastiki zote ni sawa?

Jibu: Pole kwa mwenzako, na nakushukuru kwa kuuliza swali ambalo wengi hulisahau kwa kufikiria jua tu. Kwa mwendesha pikipiki, miwani ni ngao kabla ya kuwa kivuli. Jua hudhuru jicho kwa miaka. Kijiwe hulitoboa kwa mara moja.

Lenzi ya kioo usiivae kwenye pikipiki. Plastiki nazo zinatofautiana sana. Ile ya kawaida ya lenzi za macho, inayojulikana kama CR-39, ni nyepesi na inaonesha vizuri, lakini ikipigwa kwa nguvu inaweza kuvunjika. Plastiki za bei ya chini kabisa zinazouzwa mkononi mara nyingi huwa dhaifu zaidi na huvunjika kwa ncha kali. Unayoihitaji ni polikaboneti, ambayo hutumika pia kutengenezea vioo vya kofia ngumu na ngao za askari wa kutuliza ghasia. Ikipigwa hubonyea au kupata alama badala ya kutawanyika vipande, na kwa asili yake huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe. Ipo pia lenzi ya Trivex, iliyo imara kwa kiwango kinachokaribiana nayo, ingawa si rahisi kuipata katika miji yetu.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa kila mwendesha pikipiki alijue. Kiwango cha miwani ya jua ya kawaida hakiihakikishi dhidi ya vitu vinavyoruka kwa kasi. Kinga ya namna hiyo hupimwa kwa viwango vya miwani ya usalama kazini, ile inayovaliwa na mafundi wa mashine za kukata na kusaga. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166, lenzi yenye herufi F imerushiwa gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde bila kuvunjika. Herufi B ni ya mita 120 kwa sekunde, nayo hupatikana kwenye miwani mikubwa inayofunika macho yote kwa mkanda. Kwa kiwango cha Marekani, tafuta alama Z87+, na hakikisha ile alama ya kujumlisha ipo, kwa kuwa Z87 bila ya hiyo haijapita jaribio la kasi kubwa.

Tulinganishe na barabara yako. Ukienda kilomita 60 kwa saa na lori likaja mbele yako kwa kilomita 80, kijiwe kilichorushwa mbele kwa mwendo wa lori hilo kinaweza kukufikia kwa kasi ya karibu kilomita 140 kwa saa, yaani mita 39 hivi kwa sekunde. Jaribio la herufi F ni sawa na kilomita 162 kwa saa. Kwa hiyo miwani yenye F inakutosha kwa vijiwe vidogo na wadudu, lakini haikuahidi chochote kwa jiwe kubwa kama yai, na mbele ya lori la kokoto jambo la busara ni kupunguza mwendo na kuacha nafasi.

Miwani hiyo huuzwa katika maduka ya vifaa vya usalama kazini na katika baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko miwani ya jua yenye nembo ya kifahari. Soma maandishi madogo kwenye lenzi. Ukiona 2C-1.2, hiyo ni lenzi nyeupe inayozuia urujuanimno bila kuharibu rangi, inafaa mchana na usiku. Ukiona 5-3.1, hiyo ni lenzi ya jua yenye giza linalolingana na daraja la 3. Namba 1 inayosimama karibu na herufi F inaonesha ubora wa juu wa kuona, unaofaa kwa kuvaa muda mrefu. Ikiwa hapo pameandikwa 3, usinunue kwa ajili ya kuendeshea.

Umbo nalo lina uzito wake. Chagua miwani inayozunguka uso hadi pembeni mwa macho, kwa kuwa vumbi na upepo hupenya zaidi pembeni kuliko mbele. Mikono iwe myembamba na iliyonyooka ili ipite chini ya kofia ngumu bila kukubana kichwa. Mikono minene inaficha kioo cha pembeni na gari linalotaka kukupita. Ijaribu ukiwa umevaa kofia yako mwenyewe, utikise kichwa, kisha uendeshe taratibu mtaani. Ukihisi upepo unakutoa machozi kwenye kona za macho, haijakukaa.

Swali: Naishi Mbezi na kazi yangu ni katikati ya jiji la Dar es Salaam. Asubuhi jua liko usoni, jioni narudi nalo liko usoni tena. Dukani wamenishauri lenzi za polaroidi na bei yake ni kubwa. Je, zitanisaidia?

Jibu: Barabara ya Morogoro ndivyo ilivyokaa, na wote wanaoishi upande wa Kimara, Mbezi na Kibaha wanaijua adha hiyo. Kwanza nikueleze lenzi hizo zinafanya nini. Mwanga ukigonga kitu bapa kinachong'aa, kama lami yenye maji, boneti ya gari au bahari, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi hutikisika kwa mlalo. Lenzi ya polaroidi ina chujio linalozuia mtikisiko huo wa mlalo, hivyo mng'ao wa barabarani hupungua sana na macho hutulia. Ila mwanga unaotoka juani moja kwa moja hautikisiki kwa mwelekeo mmoja, na kwa jua lililoinama mbele yako lenzi ya polaroidi haina faida kubwa kuliko lenzi nyingine yenye giza lile lile. Muuzaji amekueleza nusu ya habari.

Kwa pikipiki, zina kasoro mbili. Mng'ao wa maji au wa dizeli iliyomwagika kwenye lami ni onyo kwa mtu wa magurudumu mawili, na lenzi hizi hulififisha onyo hilo. Pili, skrini nyingi za simu huwa nyeusi zikitazamwa kwa pembe fulani kupitia lenzi hizo, na wewe unayefuata ramani ya simu utalazimika kuinamisha kichwa kutafuta picha. Mtu wa gari ningemshauri azinunue bila kusita. Kwako wewe, fedha hiyo ingetumika vizuri zaidi kwenye lenzi ya kawaida ya polikaboneti ya kahawia au kijivu na kofia yenye ukingo wa mbele au kioo kisicho na mikwaruzo, kwa maana kila mkwaruzo hugeuka cheche ya mwanga jua likiwa mbele. Inamisha kidogo ukingo wa kofia ukate duara la jua, na uongeze umbali kati yako na gari la mbele. Kumbuka pia kwamba jua likiwa mgongoni mwako, anayekuja mbele haoni vizuri, basi washa taa ya mbele.

Swali: Hujambo Mshauri? Hapa Nakuru wanauza miwani ya manjano wakisema inapunguza mwanga wa magari usiku. Niinunue?

Jibu: Sijambo, asante. Usiinunue. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga unaoingia jichoni, na usiku mwanga ndio unaoukosa. Watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens ya Boston, Marekani, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kifaa cha kuigizia uendeshaji, na hawakuona kwamba lenzi za manjano zilimsaidia dereva kumtambua mtembea kwa miguu mbele ya taa za gari linalokuja. Usiku tumia lenzi nyeupe, safi, isiyo na mikwaruzo. Kwa upande wa vioo vya kofia ngumu, kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 inataka kioo kinachopitisha mwanga chini ya asilimia 80 kitumike mchana tu, na jambo hilo huandikwa juu yake. Ikiwa taa za magari zinakusumbua kuliko zamani, kapime macho, kwa sababu hiyo inaweza kuwa dalili ya mwanzo ya mtoto wa jicho au ya kuhitaji lenzi za kuona mbali.

Swali: Shikamoo Mshauri. Sisi wa Njombe tuna baridi na ukungu, jua kali ni la nadra. Je, tunahitaji kinga ya mionzi? Na je, tufanye nini miwani inapojaa mvuke asubuhi?

Jibu: Marahaba. Baridi haipunguzi mionzi. Urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo siku ya anga jeupe mnapata mionzi mikali kuliko ndugu zenu wa Pwani ambao wanaungua kwa joto. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Kinachowafaa ni lenzi nyeupe au ya daraja la 1 yenye kinga kamili ya mionzi, kwa vile hamhitaji giza.

Mvuke hutokea pale pumzi yenye joto na unyevu inapokutana na lenzi baridi. Miwani inayobana uso pande zote bila matundu ya hewa huzidisha tatizo, na vivyo hivyo skafu iliyofungwa juu ya pua. Chagua yenye matundu madogo juu na chini, au lenzi iliyopakwa dawa ya kuzuia mvuke kwa upande wa ndani. Wasio nayo wanaweza kupaka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lenzi kavu na kuifuta kwa kitambaa laini hadi ionekane safi. Utando mwembamba unaobaki huzuia matone kwa saa kadhaa. Isiachwe sabuni ya kuonekana, kwa kuwa ikilowa na kuingia jichoni ukiwa kwenye mteremko utafumba macho, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde moja ya kufumba ni mita 14 za kwenda bila kuona.

Swali: Mpendwa Mshauri, mume wangu ni dereva wa bodaboda hapa Same kwa miaka mingi. Ameota kinyama upande wa ndani wa jicho, kinakaribia sehemu nyeusi. Anatumia dawa ya matone aliyopewa na rafiki, jicho hutulia kisha huwa jekundu tena. Akivaa miwani sasa kitapotea?

Jibu: Dada yangu, kinyama hicho hakitapotea kwa miwani, lakini miwani inaweza kupunguza kasi yake na muwasho wake. Ugonjwa huo, ambao madaktari huuita terijiamu, hutokana hasa na miaka mingi ya mionzi ya jua, na upepo na vumbi huuchochea, na ndiyo maana huwapata sana wavuvi, wakulima na waendesha pikipiki. Kikiwa kidogo huachwa na kuangaliwa. Kikisogea juu ya konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya sehemu nyeusi ya jicho, na kuanza kuathiri uono, hufanyiwa upasuaji, na hata baada ya upasuaji kinaweza kurudi ikiwa jicho halikupata kinga.

Ninakuomba umpeleke akaonwe bila kuchelewa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hapa Afrika Mashariki ipo saratani ya ngozi laini ya jicho ambayo mwanzoni hufanana sana na kinyama hiki, na ambayo jua na maambukizi ya virusi vya Ukimwi huongeza uwezekano wake. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikicheleweshwa mtu hupoteza jicho, au zaidi ya jicho. Ni daktari tu anayeweza kuitofautisha. Ya pili ni hayo matone. Dawa inayotuliza wekundu haraka na kurudiwa rudiwa huenda ina steroidi, aina ya dawa kali ya kutuliza uvimbe, na steroidi ikitumiwa bila usimamizi hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho na huficha maambukizi ya kuvu. Aache kuichukua kwa rafiki, na aende na chupa hiyo ili daktari aione. Kwa kuwa mko Same, hospitali ya KCMC ya Moshi ina idara ya macho yenye uzoefu mkubwa. Kwa wasomaji wa Dar es Salaam ipo CCBRT, na kwa wa Dodoma ipo hospitali ya Mvumi.

Akiingiwa na kitu jichoni njiani, kama mdudu au mchanga, asimame, asisugue, aoshe jicho kwa maji safi tele. Maumivu yakiendelea, mwanga ukimchoma au uono ukififia, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe na mtu yeyote nje ya hospitali.

Swali: Mimi ni mwalimu, nina umri wa miaka 47, navaa miwani ya kuona mbali na kusomea kwa pamoja. Naendesha pikipiki kilomita nyingi kwenda shuleni. Nimeshauriwa lenzi zinazobadilika rangi juani. Unaonaje?

Jibu: Mwalimu, ushauri huo unategemea kofia yako. Lenzi hizo, zinazoitwa fotokromiki, huwa nyeusi zinapopigwa na urujuanimno. Ukishusha kioo cha kofia kinachozuia mionzi hiyo, lenzi za kawaida za aina hii hazitabadilika vya kutosha, na utakuwa umelipia kitu usichokitumia. Katika joto kali nazo hazipati giza kama zinavyolipata katika baridi, na ukiingia kwenye kivuli huchukua dakika kadhaa kurudi kuwa nyeupe. Kwa kofia isiyo na kioo, na kwa mtu anayeondoka asubuhi na kurudi alasiri, zinafaa kiasi.

Jambo kubwa zaidi kwako ni ile sehemu ya chini ya kusomea. Unapotazama barabara iliyo karibu na gurudumu la mbele, jicho hupita kwenye sehemu hiyo na ardhi huonekana imefifia au imesogea. Mwombe mtaalamu wa miwani akutengenezee jozi ya pili ya kuona mbali tu, kwa lenzi za polikaboneti, na uivae unapoendesha. Ikiwa hilo haliwezekani sasa, ipo miwani mikubwa ya usalama iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani ya macho. Inakinga vizuri, ingawa chini ya kofia inayobana haistareheshi.

Swali: Nimeanza bodaboda Kigoma kwa pikipiki ya mkataba, na fedha yangu ni ndogo. Nikiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu, ninunue kofia yenye kioo au miwani nzuri?

Jibu: Nunua kofia ngumu nzuri yenye kioo cheupe, na usisite kutoa fedha hiyo. Itakukinga kichwa na uso wote, na kioo chake kikiwa cha polikaboneti kinazuia vijiwe, wadudu na sehemu kubwa ya mionzi, mchana na usiku. Kisha kila siku weka kidogo, na kitu cha pili kiwe miwani nyeupe ya usalama yenye alama F au Z87+, kwa ajili ya zile nyakati ambazo joto litakufanya ufungue kioo, kwa sababu najua utakifungua. Miwani ya jua iwe ya tatu. Na abiria wako mpe kofia safi yenye kioo pia, hasa akiwa mtoto, ambaye lenzi ya ndani ya jicho lake bado hupitisha mionzi mingi kuliko ya mtu mzima.

Swali: Petroli husafisha miwani yangu vizuri sana, mafuta na wadudu hutoka mara moja. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na ni mkubwa. Petroli, thina na asetoni hushambulia polikaboneti na kuijaza nyufa ndogo ambazo mwanzoni hazionekani, na lenzi hiyo inaweza kupasuka siku itakapopigwa na kijiwe ambacho ingekistahimili. Ile uliyokwisha kuisafishia petroli ibadilishe. Inayofuata imwagie maji kwanza ili mchanga uondoke, kwa kuwa punje za mchanga ni ngumu kuliko plastiki na ukiifuta ikiwa kavu kwa fulana utaikwaruza. Kisha ioshe kwa sabuni ya kawaida na vidole, isuuze, na uikaushe kwa kitambaa laini cha pamba kisichotumika kwa kazi nyingine. Wadudu waliokaukia hapo walowekwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika chache, nao watatoka wenyewe.